"Sisi" na "Mimi" katika Tawasifu ya Baby Kamble

Jina Amucha, tawasifu ya Baby Kamble, ilitokea kwanza kwa sehemu katika jarida la wanawake Stree mwaka 1982, kisha ikawa kitabu mwaka 1986. Imeandikwa kwa Kimarathi, lugha ya jimbo la Maharashtra nchini India. Mwandishi (1929-2012) alitoka katika jamii ya Wamahar, mojawapo ya zile kasti ambazo Wahindu wa ngazi za juu walizihesabu kuwa najisi, zisizofaa kuguswa. Jina la kitabu maana yake ni "Maisha Yetu". Tafsiri ya Kiingereza ya Maya Pandit, The Prisons We Broke (2008), yaihifadhi nafsi ya wingi, lakini yaongeza ushindi ambao jina la asili halikuuahidi.

Nafsi hiyo ndiyo shina la kitabu. Kamble hasimulii maisha yake. Asimulia mtaa mzima: njaa yake, mizoga ya ng'ombe ambayo Wamahar walilazimika kuiondoa vijijini na kuila, na mwito wa Dkt. Ambedkar uliowafanya akina mama kupeleka watoto shuleni. Wala hawaonei haya watu wake. Kurasa kali kuliko zote zahusu mabinti walioozwa wangali watoto, wakatumikishwa na mama wakwe usiku na mchana. Aliyetoroka alirudishwa na kufungwa gogo mguuni. Wadhulumiwa na Wahindu wa juu nao walikuwa na wa kumdhulumu, na huyo alikuwa mke wa mwana.

Hata hivyo, mume wa msimulizi mwenyewe karibu haonekani. Katika mahojiano na mfasiri, Kamble aeleza kwamba mumewe alikuwa akimshuku na kumpiga, na kwamba aliuficha mswada kwa muda wa miaka 20. Alisoma magazeti yaliyonunuliwa kufungia bidhaa dukani mwao, akaandika kwa siri. Basi ile "sisi" inayosema kwa ujasiri juu ya wake waliofungwa magogo yanyamaza juu ya mke mmoja, yule anayeshika kalamu.

Sharmila Rege, katika uchunguzi wake wa mwaka 2006, azisoma tawasifu hizi kama ushahidi wa jamii badala ya ungamo la mtu binafsi. Hoja hiyo ina nguvu, ila yaweza kuufanya ukimya uonekane kuwa kanuni ya utanzu tu. Kwa Kamble ukimya ulikuwa pia gharama. Mwanamke aliyemshtaki mumewe hadharani angewapa wenye kasti za juu silaha dhidi ya Wamahar wote, na nyumbani angelipa yeye.

Urmila Pawar, katika Aaydan (2003), alichagua njia nyingine. Aufananisha uandishi wake na ususi wa vikapu vya mianzi aliokuwa akiufanya mama yake, na amtaja mume aliyechukizwa na masomo yake ya juu. Hapo "mimi" yapata nafasi. Je, ni ujasiri mkubwa zaidi? Si lazima, Pawar aliandika baada ya wengine kufungua njia, Kamble akiwa mmoja wao.

Mahojiano yamewekwa mwishoni mwa tafsiri. Msomaji afanya vema kuyaacha huko mpaka ayafikie, kisha arudi kwenye sura za wakwe na kuzisoma upya.