Kasongo inasomwa Anvers. Na sisi tunasoma nini?



Siku hizi ukimuuliza kijana mwenye lisansi mpango wake ni nini, jibu ni moja: masta. Na kati ya masta zote, inayosifiwa sana ni ya sera za umma, ile tunaita politiki pibliki. Wanasheria wanaitaka, wachumi wanaitaka, hata sisi wa agronomia. Sababu inajulikana. Watu wanaona ndiyo mlango wa ONG kubwa, wa wizara, wa kabine ya guvernere. Sisemi ni vibaya kutafuta kazi, mtu hasomi miaka mitano ili akae nyumbani. Lakini masta ni miaka mingine miwili, kredi 120 katika mfumo wa LMD, na kwa wengi wetu anayelipa ni shamba la mzee, mbuzi za mjomba ao biashara ya mama sokoni. Basi tuna haki ya kuikosoa masomo hiyo mbele ya kuilipia.

Lawama yangu ni moja. Masta hii, vile inavyofundishwa mara nyingi na vile sisi wenyewe tunaisoma, inatuzoeza kusoma karatasi kuliko kusoma fasi. Mtu anatoka anajua hatua za sera kwa kichwa, lakini hajui sera zilizopita juu ya mgongo wa babu yake.

Tuchukue somo la kwanza kabisa, mzunguko wa sera. Mawazo hayo yalianzia kwa Mmarekani Harold Lasswell, ambaye mwaka 1956 alizigawa kazi za uamuzi katika hatua saba. Waliomfuata walizipanga upya, na leo kila mwanafunzi anaimba: tatizo linaonekana, suluhu linatungwa, uamuzi unachukuliwa, unatekelezwa, unapimwa. Ni chombo kizuri cha kupanga mawazo. Shida ni pale tunapoamini kama serikali inatembea hivyo kweli.

Iweke kwenye pamba ya Maniema. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 iliwapa watawala wa Kongo ya Wabelgiji ruhusa ya kulazimisha watu walime mazao yaliyochaguliwa, mpaka siku 60 kwa mwaka. Maniema ilikuwa kati ya fasi za kwanza kulimishwa pamba. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku 60 zikawa 120. Bei ilipangwa juu, na kila kampuni ilikuwa na eneo lake la kununua peke yake. Sasa niambieni, tatizo lilikuwa la nani? Si la mkulima wa Kasongo, yeye alikuwa na mpunga, mihogo na karanga zake. Tatizo lilikuwa la viwanda vya Ubelgiji. Kwa kipimo cha tani zilizotoka, sera ile ilifaulu. Kwa kipimo cha mkulima aliyekosa siku za kulima chakula chake, ni hadithi nyingine kabisa. Hilo ndilo swali la kwanza la sera za umma: tatizo la nani? Mzunguko peke yake haukulazimishi kuliuliza.

Mfano wa pili ndio unaniuma, juu ni wetu na hatuujui. Mwaka 1971 wataalamu wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Anvers, Ubelgiji, walianza kazi Kasongo pamoja na wauguzi na madaktari wa huku. Inaitwa Mradi wa Kasongo. Walijaribu jambo ambalo leo tunaona la kawaida: santre ya afya karibu na watu, muguzi ndiye anapokea wagonjwa wa kwanza, matibabu na chanjo chini ya paa moja, wakaaji wana sauti katika mambo ya santre yao, na hospitali moja nyuma yao kwa kesi ngumu. Walijaribu, wakahesabu, wakarekebisha, miaka na miaka. Halafu katika miaka ya 1980 Zaire ilipogawanywa katika zone za afya 306, ambazo leo ni 519, mafunzo ya Kasongo yalikuwa kati ya misingi yake, pamoja na ya Bwamanda, Kisantu na Vanga.

Haikuishia hapo. Mwaka 1981 kikosi cha Kasongo kilichapisha katika gazeti la madaktari The Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua. Waliuliza swali gumu: mtoto aliyeokolewa na surua, je, hafi baadaye na ugonjwa mwingine kama mambo mengine ya maisha yake hayakubadilika? Watafiti wengine wakazipinga hesabu zile, na ubishi ukawa mkubwa: kupiga ugonjwa mmoja mmoja, ao kujenga huduma nzima? Maana yake ni hii: watoto wa Kasongo walikuwa katikati ya moja ya mabishano makubwa ya sera ya afya duniani. Wanafunzi wa afya ya umma katika nchi za mbali wamelisoma jina la Kasongo darasani. Na kijana wa Kasongo anaandika memwari yake akitaja Ufaransa na Kanada.

Hapa ninasema kama mtu wa agronomia. Kwetu hakuna anayetoa mbegu mpya kwa wakulima wa teritware nzima mbele ya kuijaribu kwenye vipande vidogo, fasi mbalimbali, misimu kadhaa, pembeni ya mbegu ya zamani ili kulinganisha. Ni abese ya kazi yetu. Sera ya afya ilipata kipande chake cha majaribio, na kipande hicho kilikuwa Kasongo. Sera ya kilimo huku ilifika daima ikiwa imekwisha kupikwa: pamba kwa amri, halafu miradi yenye bango na tarehe ya mwisho. Mimi ninaona hii ni memwari inayongojea mtu: kwa nini afya ilijaribiwa Kasongo, lakini kilimo kililetwa tu?

Mfano wa tatu ni wa leo. Dhahabu inatoka Namoya, huko Salamabila, teritware ya Kabambare. Kodi ya madini ilirekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Kwa dhahabu, redevansi ni 3.5% ya thamani. Katika hiyo, 50% ni ya serikali kuu, 25% ya provensi, 15% ya entite ya mahali mgodi ulipo, na 10% ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Tupige hesabu: dhahabu ya dola 1,000,000 inatoa redevansi ya dola 35,000. Maniema inapaswa kupata 8,750, na entite ya chini 5,250.

Sasa, hiyo entite ni nani? Wengi wetu tutajibu haraka: teritware. Hapana. Kwa sheria ya Oktoba 2008, entite zenye kujitawala ni mji, komini, sekta na shefari. Teritware haimo. Basi kijana mwenye masta akienda kumdai administratere wa teritware ile 15%, amegonga mlango usio wake, na mlango wenyewe unabaki kimya. Kujua hilo hakuhitaji nadharia kubwa. Kunahitaji mtu mwenye subira ya kufuata franga moja kutoka mgodini mpaka kwenye daftari la sekta, na kuandika ilipofika na iliposimama. Mmarekani Michael Lipsky alionyesha mwaka 1980 kama sera ya kweli ni ile inayofanywa na muguzi, mwalimu na karani mbele ya raia. Akili hiyo ni nzuri sana, lakini haitafanya kazi kama hatuendi kumuona huyo karani.

Najua mtu atanijibu: ndugu, bila nadharia utaona nini? Utaandika hadithi za kijiji tu. Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi tuache masta. Bila Lipsky, karani wa sekta ni mtu wa kulalamikiwa tu. Ukiwa naye, karani ni jambo la kuchunguza. Takwimu, bajeti, sheria ya utawala, vyote hivyo lisansi ya agronomia haikunipa, na vinanihitaji. Ninachokataa ni masta ambayo Lusangi inaingia tu kwenye ukurasa wa kwanza wa memwari, pale penye ramani, halafu haionekani tena.

Basi kwa mdogo wangu anayejaza fomu mwaka huu, uliza iniversite mambo matatu mbele ya mzee kuuza kitu. Kwanza, je, kuna wiki za teren, na nani anazilipa? Pili, je, kuna somo la bajeti na sheria za entite za chini, ao ni za Kinshasa tu? Tatu, omba kuona memwari tano za waliotangulia, utazame kama ndani kuna mkulima, muguzi ao karani aliyeulizwa swali, ao ni vitabu vinavyozungumza na vitabu.

Na swali la nne ni letu sisi wenyewe. Sheria hizi zote ziko kwa Kifaransa, memwari ziko kwa Kifaransa, na baada ya kutetewa zinalala kabatini. Mama anayeuza mpunga kule Samba hatasoma kurasa 120 za Kifaransa. Lakini kurasa mbili za Kiswahili juu ya 15% ya sekta yake anaweza kusomewa jioni, na kesho yake akamuuliza shefu swali. Kila mwenye masta kati yetu aziandike hizo kurasa mbili, azipeleke nyumbani. Tutajua masta ilikuwa ya nani.