Akiba ya kutu: hesabu ya bomba la asidi

Jacobs ni eneo la viwanda kusini mwa Durban, jirani na Clairwood, Mobeni na Wentworth. Mwaka 2001, mwendo mfupi kutoka hapo, bomba la kiwanda cha kusafisha mafuta cha SAPREF lililopita chini ya barabara ya Tara upande wa Bluff lilivujisha zaidi ya lita milioni 1 za petroli ardhini. Kutu ndiyo iliyolitoboa. Ukiwauliza watu mtaani dawa yake ni nini, wengi watajibu kwamba waweke bomba nene zaidi. Jibu hilo tulipime kwa hesabu.

Tuchukue bomba la mfano: la chuma cha kaboni, inchi 6, ndani ya kiwanda cha Jacobs, linalosafirisha asidi ya salfuriki ya asilimia 98 kwa shinikizo la bar 10. Kanuni ya ASME B31.3, inayotumiwa na wahandisi wa mabomba ya viwandani karibu kila mahali, inataka tuzidishe shinikizo kwa kipenyo cha nje, milimita 168.3, kisha tugawanye kwa takriban mara mbili ya mkazo ambao chuma kinaruhusiwa kubeba, megapaskali 138. Jibu ni milimita 0.61. Shinikizo lote la kiwanda linazuiwa na ukuta ambao haufiki hata milimita moja!

Unene unaobaki ni wa kuliwa. Mhandisi hukadiria asidi itakula kiasi gani kwa mwaka, akazidisha kwa miaka anayotaka bomba liishi. Kwa milimita 0.2 kwa mwaka na miaka 20, anahitaji akiba ya milimita 4. Ukijumlisha unapata 4.61. Lakini mabomba yasiyo na mshono huruhusiwa kutoka kiwandani yakiwa membamba kwa asilimia 12.5 kuliko kipimo kilichoandikwa, kwa hiyo 4.61 inagawanywa kwa 0.875, na kuwa 5.27. Bomba la skejuli 40 (skejuli ni daraja la unene wa ukuta) lina milimita 7.11. Linatosha, na afisa ununuzi anafurahi.

Sasa badilisha namba moja tu. Asidi ikila milimita 0.3 badala ya 0.2, ukuta unaohitajika unapanda hadi milimita 7.55, na skejuli 40 imeanguka mtihani. Inayofuata dukani kwa kawaida ni skejuli 80, milimita 10.97, na uzito wa mita moja unatoka kilo 28 hadi karibu kilo 43. Sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo mara nyingi hutokana na jedwali la kitabu na wala si kipimo cha kiwanda chenyewe, ndiyo iliyoamua bei ya kazi nzima. Hapo ndipo ningetaka mjadala ufanyike. Badala yake vikao vingi hubishania shinikizo.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya shinikizo haioni. Bomba la milimita 0.61 haliwezi kujibeba: litapinda kati ya mihimili, na fundi akilikanyaga limebonyea. Mwongozo wa API 574 unapendekeza kwamba bomba la inchi 6 la chuma cha kaboni lisiachwe lipungue chini ya milimita 2.8 hivi. Ukiheshimu kikomo hicho, skejuli 40 ambayo kwa hesabu ya shinikizo peke yake ilionekana kuwa na miaka 28 mbele yake inabakiwa na 17, tena kwa kasi ile ile ya 0.2.

Basi tuweke nene? Asidi hii ina tabia ya ajabu. Inapogusa chuma hutengeneza utando wa salfeti ya chuma, na utando huo ndio unaolinda ukuta. Mwendo wa asidi ukizidi takriban mita 1 kwa sekunde, utando unasuguliwa na kuondoka, hasa kwenye viwiko. Skejuli 80 huongeza unene kwa ndani, maana kipenyo cha nje hakibadiliki. Nafasi ya kupita hupungua kwa karibu asilimia 10 na asidi hukimbia zaidi. Unene uliougharamia unachochea kuliwa kwake. Na asidi ikisimama muda mrefu, viputo vya hidrojeni hupanda na kuchimba mfereji kwenye dari ya bomba la mlalo. Maji yakiingia, asidi ikapungua nguvu chini ya asilimia 70 hivi, chuma huliwa kwa kasi ambayo hakuna skejuli itakayoihimili.

Aina ya chuma nayo ina neno lake. Huko Richmond, California, tarehe 6 Agosti 2012, bomba la inchi 8 katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron lilipasuka na kuwaka. Wachunguzi walikuta kipande kilichopasuka kimepoteza kwa wastani asilimia 90 ya ukuta wake, kwa sababu kilikuwa na silikoni kidogo, ilhali vipande vya jirani vyenye silikoni ya kutosha vilikuwa vimeliwa kidogo tu. Unene wa kuanzia ulikuwa sawa.

Kwa bomba letu la Jacobs ningechukua skejuli 80, lakini kwa sharti kwamba mwendo wa asidi uhesabiwe upya kwa kipenyo kipya cha ndani. Mwendo ukizidi ile mita 1 kwa sekunde, ni afadhali kupanda hadi inchi 8 kuliko kuongeza unene. Viwiko vipimwe kwa mawimbi ya sauti tangu siku ya kwanza, ili kasi halisi ya kuliwa ijulikane mapema. Vitawi vidogo vya inchi robo tatu ningevikagua kabla ya kitu kingine chochote. Skejuli 40 ya ukubwa huo ina milimita 2.87, toa upungufu wa kiwandani, toa kina cha nyuzi za skrubu, karibu milimita 1.45, na kinachobaki ni milimita moja na ushei, ambayo kwa 0.3 kwa mwaka inakwisha kabla mwaka wa nne haujamalizika. Hivyo nisingevichonga nyuzi kabisa: vichomelewe, na viwe skejuli 160.