Kuuza na Kuuzisha: Uigizaji, Video na Matangazo ya Biashara mjini Lubumbashi

1. Utangulizi

Matangazo ya biashara mjini Lubumbashi yamebadilika sura. Zamani mwenye duka aliridhika na picha iliyochorwa ukutani, au na sauti ya mtangazaji wa redio. Leo anamwendea mchezaji wa kuigiza na kumwomba mchezo wa dakika mbili au tatu. Mchezo huo unapigwa kwa video, unaonyeshwa katika televisheni, kisha unapitishwa kutoka simu hadi simu. Sanaa ya jukwaani imeajiriwa na soko. Jambo hilo lenyewe si la kulaumiwa, kwa maana mchezaji naye ana watoto wa kusomesha. La kushangaza ni kwamba wahakiki wetu, walio tayari kuchambua riwaya na shairi, huipita michezo hiyo kana kwamba haistahili kutazamwa, ilhali ndiyo michezo ya Kiswahili ambayo wakaaji wa mji huu huiona mara nyingi zaidi.

Hoja ya makala haya ni moja. Katika mingi ya michezo hiyo Kiswahili hupewa kazi ya kuchekesha, na Kifaransa hupewa kazi ya kuthibitisha. Tutajaribu kuonyesha kwamba mgawanyo huo unaudhoofisha mchezo kama sanaa, unalidhoofisha tangazo kama biashara, na unaidhuru lugha yenyewe.

2. Wimbo na mchezo havili chakula kimoja

Yafaa kuanza na kazi iliyofaulu. Mwaka 1973 Franco na kundi lake la O.K. Jazz walitoa wimbo uitwao « Azda », jina la kampuni ya Kinshasa iliyouza magari ya Volkswagen. Wimbo huo ni tangazo tupu, wala haujifichi. Hata hivyo, ulipendwa mbali kuliko magari yale yalivyoweza kufika, na mpaka leo unachezwa na watu ambao hawajui kampuni hiyo ilikuwa nini. Nguvu yake ni takriri: jina la gari linaimbwa tena na tena, na kila linaporudi gitaa zinalipokea na kulipeleka mbele. Mwenye magari alitaka jina lirudiwe, nao muziki ulihitaji kiitikio. Matakwa ya tajiri na matakwa ya sanaa yalikutana.

Watengenezaji wa video za matangazo wameurithi mfano huo bila kuupima. Wanadhani kwamba jina likitajwa mara nane katika mchezo wa dakika mbili, mtazamaji atalishika kama alivyolishika jina lile la gari. Lakini mchezo hauishi kwa takriri. Chakula cha mchezo ni ugomvi: mtu anataka jambo, mwingine anamzuia, na mwishoni hali imekuwa tofauti na ilivyokuwa mwanzoni. Katika wimbo, neno linaporudi linanona. Katika mazungumzo, neno linaporudi bila sababu linamfanya msemaji aonekane mjinga. Kwa hiyo bidhaa haiwezi kuingia katika mchezo kwa kutajwa. Haina budi iingie kwa kuhitajiwa.

3. Lugha ya kicheko na lugha ya ukweli

Tuitazame sura ya kawaida ya michezo hiyo. Mama analalamika kwamba nguo zake hazitakati. Jirani anamcheka. Mume anaingia na kuongeza utani wake. Hadi hapo lugha ni ile ya mitaa yetu: vijembe, methali zilizopinduliwa, salamu zenye sumu ndani yake. Wachezaji wetu ni mafundi wa kazi hiyo, nasi hucheka kwa haki. Ghafla jirani anaacha kumtazama mwenzake, anaigeukia kamera, na Kifaransa cha barua rasmi kinamtoka kinywani: sifa za sabuni, namna ya kuitumia, mahali inapopatikana. Akimaliza, wote wanarudia Kiswahili ili wachekeane mara ya mwisho.

Tatizo hapa silo kuchanganya lugha. Anayekijua Kiswahili cha Lubumbashi anajua kwamba bei na tarakimu husemwa humo kwa Kifaransa, na kwamba maneno mengi ya kazi, ya shule na ya ofisi yameingia bila kubisha hodi. Muuza mboga anayetaja bei kwa Kifaransa katikati ya sentensi ya Kiswahili hajaondoka katika Kiswahili; anasema Kiswahili cha mji wake. Yule jirani wa mchezo wetu anafanya jambo jingine. Hakopi neno ili aendeleze mazungumzo, bali anayatoka mazungumzo yenyewe. Hasemi tena na mwenzake, na mwenzake hana tena la kujibu. Kwa dakika nzima mchezo unasimama na hotuba inasomwa.

Mtazamaji anaelewa maana ya tendo hilo hata kama hakulifikiria. Anaambiwa: mzaha ulikuwa katika lugha yako, sasa sikiliza ukweli. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya mwaka 2006 kinakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini lugha hushushwa hadhi yake zaidi kwa mazoea kama haya kuliko kwa sheria. Lugha inayotumiwa kwa kicheko peke yake huzoewa kama mchekeshaji: watu wanafurahi anapoingia, wala hawamwulizi ushauri.

Wenye biashara wana jibu lao, na ni haki tulisikilize. Wanasema kwamba Kifaransa kinaipa bidhaa heshima, na kwamba mteja huiamini zaidi sabuni iliyosifiwa kwa lugha ya shule. Hatukatai kwamba Kifaransa kina heshima hiyo. Lakini tuulize: mama wa Kenya au wa Katuba, anapotaka kujua kama sabuni ni nzuri, anamwuliza nani, na kwa lugha gani? Anamwuliza jirani, kwa Kiswahili, naye anajibiwa kwa Kiswahili, pengine kwa ukali. Tangazo linalomtumia jirani linaazima imani iliyopo tayari kati ya majirani. Jirani huyo akianza kusema kama mkurugenzi wa kampuni, imani hiyo inakatika palepale ilipohitajiwa.

4. Ushahidi wa kitenzi kimoja

Upo pia upande wa pili wa kosa hili. Wengine, wakitaka kukiheshimu Kiswahili, huandika maneno ya tangazo kwa Kiswahili sanifu cha vitabu na kuwapa wachezaji wayakariri. Nia ni njema, lakini angalia kinachotokea kwa kitenzi ambacho ni moyo wa biashara yote.

Katika Kiswahili sanifu, anayetoa fedha hununua, na anayetoa bidhaa huuza. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, anayetoa fedha ndiye anayeuza, na anayetoa bidhaa anauzisha. « Bunga uliuza wapi? » maana yake ni: unga huu uliununua wapi? Basi tangazo linalosema « tunauza unga » linaweza kusikika, katika masikio ya mtaa, kama tangazo la mtu anayetafuta unga wa kununua. Fundi wa jukwaani hawezi kulitamka neno hilo bila kusita, kwa kuwa anajua hadhira yake italisikiaje. Aliyeandika mswada hakusita, kwa sababu hakuandikia masikio.

Wako watakaosema kwamba matumizi hayo ya Lubumbashi ni makosa yanayopaswa kusahihishwa. Mwanaisimu hawezi kukubali upesi hivyo. Katika Kibemba, kununua ni *kushita* na kuuza ni *kushitisha*. Katika Kinyarwanda, kununua ni *kugura* na kuuza ni *kugurisha*. Kiswahili cha Lubumbashi kimefuata mpango uleule wa Kibantu: kitenzi cha msingi ni cha mnunuzi, na muuzaji anapatikana kwa kiambishi cha kusababisha. Kuuzisha ni kumfanya mwingine auze, yaani kumfanya anunue. Hatujui fasili ya tangazo la biashara iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo. Lugha ya mtaa ilikuwa imekwisha kuieleza kazi yote ya utangazaji kwa silabi mbili, *-isha*, kabla ya video kufika.

5. Chumba cha mazoezi na kamera

Ni njia gani basi ifuatwe? Hatuna haja ya kuitafuta mbali. Mwaka 1986, kikundi cha Mufwankolo kilirekodi kwa ajili ya televisheni mchezo *Le pouvoir se mange entier*, katika kijiji cha Kawama karibu na Lubumbashi. Johannes Fabian, aliyefuatilia kazi hiyo tangu mazungumzo ya kwanza, aliieleza katika kitabu chake *Power and Performance* cha mwaka 1990. Hakukuwa na mswada wa kukariri. Wachezaji walianza na usemi mmoja kuhusu mamlaka, wakaujadili, wakakubaliana juu ya mfuatano wa matukio, wakagawana nafasi, na maneno yenyewe yakazaliwa katika mazoezi na mbele ya kamera. Kichwa cha mchezo kilikuwa cha Kifaransa, lakini fikira zake zilifikiriwa kwa Kiswahili.

Mchezo huo haukuwa wa kutangaza bidhaa, lakini njia yake inafaa kuigwa na anayetaka kutangaza. Mwenye biashara na alete jambo, asilete sentensi. Na awaambie wachezaji bidhaa inafanya nini, inagharimu kiasi gani, na watu wanailalamikia nini. Neno hilo la mwisho ndilo la thamani kuliko yote, kwa sababu ndilo mbegu ya ugomvi. Ikiwa watu wanasema kwamba unga fulani una mchanga, mchezo uanze na mama anayesaga mchanga kwa meno yake mezani, bukari likiwa mbele yake na mkwe akimtazama. Maneno watayapata wenyewe, na yatakuwa na kitenzi kinachofaa.

Kamera nayo ina madai yake. Mchezaji wa jukwaani amefundishwa kuifikisha sauti kwa aliyeketi nyuma kabisa, na kuupanua mwili wake ili aonekane. Kamera imekaa karibu. Kwake kelele ni kelele, na nyusi iliyoinuka inatosha. Video nyingi za matangazo zinachosha kwa kuwa zinapiga picha ya jukwaa badala ya kupiga picha ya watu. Kamera inaweza kufanya jambo ambalo jukwaa haliwezi: kuonyesha mkono. Mnunuzi sokoni huuchukua unga kidogo, anausugua kati ya vidole, anaunusa, ananyamaza. Ukimya ule ni uthibitisho kuliko hotuba yoyote. Mwongozaji anayeweza kusubiri sekunde tano juu ya vidole vile ameitangaza bidhaa bila kuitaja, na jina likitajwa baadaye mara moja, litashikwa.

6. Jina la mchezaji si mali ya duka

Limebaki jambo la uaminifu. Katika muziki wa Kinshasa kuna desturi iitwayo kwa Kilingala *libanga*, yaani jiwe: mwanamuziki hulitupa jina la mtu ndani ya wimbo, naye aliyetajwa hulipa. Katika miaka ya 2000 viwanda viwili vya pombe, Bralima na Bracongo, vilishindana kwa kuwavuta wanamuziki mashuhuri, kila kimoja upande wake. Wasikilizaji walijifunza haraka kwamba sifa ina bei. Muziki umeweza kuubeba mzigo huo, kwa kuwa hata asiyeyaamini maneno anaendelea kucheza.

Mchezo wa kuigiza hauna kinga hiyo. Wachezaji wetu walijipatia imani ya watu kwa kuwacheka wakubwa, wadanganyifu na wenye tamaa. Sura ileile inapoapa leo kwa ajili ya sabuni, kesho kwa dawa isiyojulikana, keshokutwa kwa nyumba ya mikopo, hadhira inaanza kuuliza kama kicheko cha jana nacho kililipiwa. Hasara hiyo ni ya wote, kwani mwenye biashara alichokinunua ni imani ile, na sasa imekwisha.

Kwa hiyo mchezaji anahitaji mkataba wa maandishi kuliko sifa. Na useme video itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, na kama mhusika aliyembuni atabaki wake. Sheria ya 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi pamoja na haki jirani, na ndani ya hizo yumo mwigizaji. Mchezaji asiyeijua sheria hiyo anaweza kuiona sura yake ikiuzisha bidhaa aliyoiacha miaka mitatu iliyopita. Na hadhira, kwa upande wake, ina haki ya kuambiwa wazi kwamba inachokitazama ni tangazo. « Azda » haukujificha, na watu waliupenda hivyo hivyo.

7. Hitimisho

Tumesema kwamba wimbo huishi kwa takriri na mchezo huishi kwa haja. Kwamba tangazo linaloacha Kiswahili wakati wa kuthibitisha linakata mti lililoukalia. Na kwamba njia ya kikundi cha Mufwankolo, iliyotoa jambo mbele ya maneno, ingali ni njia bora kwa wenye kamera wa leo. Kazi iliyo mbele ya idara zetu ni ya kawaida: kuzikusanya video hizo kabla hazijafutwa katika simu, kuyaandika mazungumzo yake kama yanavyosemwa, na kuyahakiki kwa ukali uleule tunaoutumia kwa riwaya. Tusipoyafanya hayo, Kiswahili cha Lubumbashi kitaendelea kuitwa pale mtu anapotaka kucheka, na kuambiwa kitoke nje pale mtu anapotaka kuaminiwa.