Unasomea Kiingereza? Si Ulishakijua!

Kila muhula ukianza napanda matatu pale Kitale, tunapita Kiminini, Kamukuywa, Webuye, halafu Bungoma, ambako nasoma. Na karibu kila safari kuna mzee wa kiti cha dirishani anayeuliza, "Kijana, unasomea nini huko?" Nikimwambia ni Kiingereza na isimu, ananiangalia kwa huruma. "Kiingereza? Si ulishakijua?"

Miaka mitatu nimelicheka hilo swali. Sasa niko mwaka wa nne na sicheki tena, kwa sababu sijasikia uhakiki mkali zaidi wa kozi yangu. Mzee anauliza kitu rahisi tu: mbali na lugha ambayo tayari unaiongea, umejua nini kipya?

Makomredi wengi wangemjibu kwa jina moja: Ngũgĩ. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe. Swali lao lilikuwa zito: kwa nini Uingereza iwe kitovu, nasi tuwe pembeni? Waliitaka Afrika iwekwe katikati, na fasihi simulizi ichukuliwe kama kitu cha kusomewa darasani. Idara ikageuka kuwa ya Fasihi. Ngũgĩ alipoaga dunia Mei 2025, status zetu zote zilijaa picha yake. Yangu pia ilikuwemo.

Naupenda ule waraka. Lakini mwaka huu nimeusoma tena nikiwa mwanafunzi wa isimu, nikaona mahali ambapo kazi yake haikufika. Waraka unataja lugha pia, sikatai. Ila vita tulivyoshinda ni vya vitabu. Orodha ya kusoma ilibadilika. Sentensi za ubaoni hazikubadilika. Katika masomo yangu ya sintaksia, John anampenda Mary tangu mwaka wa kwanza. Tumemchora kwenye matawi, tumemhamisha kutoka mwisho wa sentensi hadi mwanzo, tumemfanya swali, tumemfanya kauli ya kutendwa. Lugha za nyumbani zilipata nafasi chini ya mada moja tu: athari za lugha mama. Yaani zilikuja darasani kama homa. Tulifundishwa dalili na namna ya kuzizuia.

Halafu nikatafuta mada ya insha ya muhula. Nikaangukia makala ya Michael Diercks, iliyotoka 2013 katika mojawapo ya majarida makubwa ya isimu duniani, Natural Language & Linguistic Theory. Ilihusu Lubukusu. Bana, Lubukusu! Lugha ambayo Kukhu yangu huitumia kufukuza kuku jikoni.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kiingereza kina neno "that", Kiswahili kina "kwamba". Maneno hayo hayajali nani anasema. Mimi nilisema kwamba, watu walisema kwamba. Kwamba ni ileile. Katika Lubukusu neno hilo linabadilika kumfuata msemaji. Nikisema mimi ni "nabola ndi". Wakisema watu ni "babola bali". Na Wafula akiwaambia watu jambo, ni "Wafula kabolela babandu ali": neno linampatana Wafula aliyesema, haliwafuati watu walioambiwa, hata kama wao ndio walio karibu nalo zaidi. Nadharia kuhusu upatanisho zililazimika kutafuta namna ya kulieleza jambo hilo. Kukhu hajawahi kulikosea.

Na usidhani ni wageni tu waliokuja kuchota. Nasiombe Mutonyi aliandika tasnifu yake ya uzamifu kuhusu sauti na maumbo ya Lubukusu katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2000. Aggrey Wasike aliandika yake Cornell, 2007. Justine Sikuku wa Chuo Kikuu cha Moi amechapisha pamoja na Diercks na Michael Marlo. Majina haya niliyapata mwenyewe usiku, kwa bando la simu. Umbali kutoka darasa langu hadi mashamba ambako lugha hii inaongewa ni nauli ya boda.

Mnaona ninapolalamikia? Silalamikii Kiingereza. Nalalamika kwamba tulipewa darubini nzuri sana, tukaambiwa tuangalie nyumba ya jirani tu.

Chukua kushrabu. Nikiwa darasa la tatu, katika shule moja ya Kitale ambayo sitaitaja, nilisoma neno "dog" kwa sauti nikasema "tok". Darasa lote likaanguka kicheko. Wiki hiyohiyo nilivaa kile kibao cha shingoni cha wanaoongea lugha ya mama. Ngũgĩ ameeleza adhabu kama hiyo katika Decolonising the Mind, 1986, naye akiongea juu ya shule za enzi za mkoloni. Mimi nilivaa changu Kenya ikiwa huru.

Kumbe kulikuwa na kanuni. Katika Lubukusu, sauti d na g za kupasua hutokea baada ya sauti ya puani tu. Kupika ni "khuteekha", lakini mimi napika ni "ndeekha": n imeigeuza t kuwa d. Bila n, d haina ruhusa ya kusimama peke yake mwanzoni mwa neno. Mdomo wangu wa miaka minane ulikuwa unatii sheria safi kabisa. Fonolojia ya mwaka wa pili ingeweza kuniambia hivyo kwa dakika kumi. Badala yake tulijifunza kwa nini s ya "cats" si sawa na ya "dogs". Jambo ni lilelile: sauti inafuata jirani yake. Ya Waingereza iliitwa kanuni, yangu ikaitwa kosa.

Najua jibu la upande wa pili. Digrii hii ni ya mkate. Mwajiri wa walimu hataniuliza "bali". Mzazi ameuza ng'ombe ili nifundishe Kiingereza, na watoto wa Kitale, wa Kisabaot, Kipokot, Kiturkana na Kikikuyu, hawatapata faida wakikaririshwa Lubukusu changu. Ni kweli. Ndiyo maana sitaki idara ifutwe. Nataka zoezi moja tu kila muhula: kila mtu alete sentensi kumi kutoka kwao, tuzipasue kwa kisu kilekile tulichompasulia John. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia upande wa Kitale, alimtoa Kongowea Mswahili kutoka Tanga akamfikisha Kitale katika Siku Njema, 1996. Fasihi ilishafika mjini kwetu. Isimu bado iko stendi.

Na haina muda wa kusubiri. Nilipoanza ile insha nilitunga sentensi zangu kumi na mbili za Lubukusu, nikajiamini. Kisha nikampigia Kukhu nimsomee. Ya tatu akanyamaza. Ya tano akasema hakuna mtu anaongea hivyo. Ya nane akacheka mpaka akakohoa. Mwanaisimu mzima, na sentensi za nyumbani zinanishinda. Nilimwomba aseme yeye, nami nikaandika, ukurasa na nusu.

Mwishowe akauliza, "Hayo ndiyo mnasomea huko Bungoma?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia, "Bado, Kukhu."