Kuipa Serikali Mgongo

Kiko kitabu kidogo kiitwacho New Libertarian Manifesto, alichokitoa Samuel Edward Konkin huko Marekani mwaka 1980. Watu wa kundi lake hawapendi serikali iuguse mfuko wa mtu. Wenzake baadhi walianzisha chama cha Libertarian mwaka 1971, wakaingia kuomba kura. Konkin akawapinga: mwenye kuichukia dola vipi agombee kiti chake? Shauri lake ni kuipa serikali mgongo. Usipige kura, usitoe kodi, fanya biashara yako kwa siri na wenzio, mpaka dola ife njaa.

Kwa insafu, yako aliyopatia. Chama kile hakijapata urais hata mara moja. Mwaka 2016, ulio bora kwake, kilipata asilimia 3 na kitu tu. Na mfuko wa mtu una sitara yake kama nyumba. Si kila mwenye cheo ana haki ya kuchungulia.

Ila Konkin anaipima hatari ya kukamatwa kama mchuuzi apimavyo hasara: faida ikizidi, endelea. Hebu tazama, msomaji wangu, hesabu hiyo haina mzazi ndani yake.

Mfano uko, wa miaka ya karibuni. Ross Ulbricht alifungua soko la siri kwenye intaneti mwaka 2011, Silk Road, watu wakiuziana hasa dawa za kulevya (na huo ni uovu, hauhitaji fatwa) na kulipana kwa Bitcoin. Wengi walidhani fedha hiyo haionekani. Kumbe daftari lake li wazi kwa kila mtu, na wapelelezi wakazifuata fedha hadi kwenye kompyuta yake. Alikamatwa 2013, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Siri haikumtoa. Mama yake alihangaika miaka, akipiga hodi kwa wakubwa. Mwezi Mei 2024 Donald Trump, akitafuta kura, alisimama mbele ya mkutano wa chama kile kile alichokidharau Konkin, akaahidi kumtoa; Januari 2025 akamsamehe. Sisemi siasa ya namna hiyo ni safi. Msamaha ulioahidiwa kwa wapiga kura una harufu yake.

Konkin alikufa mwaka 2004, hakuyaona hayo. Ningependa kujua ni ukurasa gani wa kitabu chake angeuandika upya.