Freberg Alipofumbua Fumbo Lake Mwenyewe

Wimbo wa kejeli unaojengwa juu ya wimbo mashuhuri hufuata kanuni moja: mahadhi yabaki, maneno yabadilike. Msikilizaji huja na kumbukumbu ya wimbo mtulivu, mtunzi huingiza bidhaa, na kicheko huzaliwa viwili hivyo vinapogongana. "Green Chri$tma$" ya mchekeshaji Stan Freberg, iliyotolewa na Capitol mwaka 1958, iliishika kanuni hiyo karibu hadi mwisho, kisha ikaiachia.

Kwaya, katika muziki ulioongozwa na Billy May, haina dosari. Matangazo yamekaa ndani ya "Deck the Halls" na "The Twelve Days of Christmas" bila mizani kupelea.

Kosa ni hotuba ya Cratchit. Mfanyabiashara huyo mdogo wa viungo, kwa sauti ya Daws Butler, anamkumbusha Scrooge, bosi wa wakala wa matangazo, kwamba sikukuu hii ni ya kuzaliwa kwa nani. Anayasema haya, hayaimbi. Alama mbili za dola katika jina la wimbo zilikuwa zimeshayasema yote. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa mfumbaji analigangua mwenyewe, na msikilizaji anabaki hana kazi. Lililo baya zaidi, mahubiri humpa mlengwa mlango wa kutokea: mwenye duka anaweza kuyaitikia kwa kichwa huku akiendelea kupanga bei za Desemba. Kejeli haimwachii nafasi hiyo. Freberg, aliyekuwa pia mtengenezaji wa matangazo, alijua vyema kuwa mzaha ukifafanuliwa hauuzi.

Baada ya hotuba ndipo inakuja "Jingle Bells", na kengele ya mashine ya keshia inalia ndani yake. Mlio huo peke yake unamaliza hoja, lakini unafika umechelewa.

Mtunzi wa nyimbo Joe Hill hakuteleza hivyo. Mwaka 1911 aliuchukua wimbo wa dini "In the Sweet By-and-By" akautia kejeli dhidi ya wahubiri. Hata alipowaita wafanyakazi waungane, aliwaita ndani ya mahadhi yaleyale. Mtunzi mwingine, Tom Lehrer, katika "A Christmas Carol" ya mwaka 1959, aliziunganisha nyimbo za Krismasi na bidhaa kwa piano na sauti moja, bila kumtuma mhusika yeyote kuhubiri.

Kwa kipimo hicho, hotuba ya Cratchit ilipaswa kukatwa, na Scrooge aachwe na kengele ya keshia.