Kidole Gumba na Bahasha

Mtoto ana homa kali, amelegea kifuani pa mamake, anapumua kwa taabu. Muuguzi mzoefu anabonyeza ukucha wa mtoto kwa kidole gumba mpaka uwe mweupe, anaachia, anahesabu kimoyomoyo. Rangi ikichelewa kurudi hadi sekunde ya tatu, damu haifiki inavyopasa. Kisha anapitisha mgongo wa mkono wake kutoka goti la mtoto hadi wayo, akitafuta joto linapokatikia, kama seremala anayepapasa ubao kujua randa imeruka wapi.

Kwa dalili za namna hiyo watoto walipokelewa katika jaribio la tiba liitwalo FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Mbale zikiwemo. Swali lilikuwa jepesi: mtoto apewe maji mengi ya dripu kwa mkupuo, au kiasi cha kawaida tu, polepole? Vitabu vilishajibu: kwa mkupuo. Watoto wenye kuhara hawakuwemo. Habari yao ni nyingine.

Uamuzi wa nani apewe nini ulipangwa kwa bahati nasibu, ukawa ndani ya bahasha iliyofungwa. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wahudumu wale. Mkono uliofundishwa miaka mingi kuwahi unachana karatasi na kutii kilichoandikwa, hata kama moyo unataka kingine. Na mzazi aliyechanganyikiwa hakusomewa kurasa kumi wakati mwanawe anazidiwa. Aliweza kuridhia kwa mdomo kwanza, maelezo kamili na kutia sahihi vikafuata hali ilipotulia.

Jaribio lilisimamishwa mapema mwaka 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki kama 7 katika kila 100 wa waliopewa polepole. Kwa waliopewa mkupuo, zaidi ya 10.

Tena, baada ya saa moja waliopewa mkupuo ndio walioonekana nafuu: dalili za mshtuko, yaani za damu kutofika inavyopasa, ziliwatoka upesi zaidi. Maana yake kidole gumba hakikusema uongo, ila kilisema habari ya saa ile tu. Daktari aliyekaa kitandani angeapa kwamba dripu imeokoa, na usiku wa pili angetafuta sababu nyingine ya kifo. Ilibidi mtu ahesabu, kitanda kwa kitanda, hospitali sita, hadi saa ya 48.

Muuguzi bado anabonyeza ukucha na kuhesabu sekunde. Halafu anainua macho kwenye dripu, anakaza kigurudumu kidogo, na kuanza kuhesabu matone.